SOMO LA WIKI: Meneja mpya na habari mbaya ya kwanza

Mwenye hisa anaposikia kwamba kampuni yake imepata mkurugenzi mtendaji mpya, swali lake la kwanza huwa ni moja: je, mtu huyu anaijua biashara yenyewe? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Meneja anaweza kuijua biashara nje ndani na bado akaiangusha. Sababu ni kwamba kazi yake si kuuza wala kutunza hesabu kwa mkono wake mwenyewe. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wengine wanauza na wanatunza hesabu vizuri, hata siku ambayo yeye hayupo.

Hali ni hiyo hiyo kwa biashara ndogo. Muuzaji hodari hupandishwa cheo akawa msimamizi wa duka. Baada ya miezi michache mauzo yanapungua, wafanyakazi wananung'unika, na mwenye mali anashindwa kuelewa imekuwaje mtu wake bora ameharibu kazi. Mara nyingi hajaharibu kwa uvivu. Amepewa kazi mpya, naye anaendelea kufanya ile ya zamani.

Somo la wiki hii linahusu namna meneja mpya anavyojenga timu na kuiongoza. Mfano unaotumika ni wa kampuni ya magari ya Ford ya Marekani, ambayo mwaka 2006 ilimchukua mkurugenzi mtendaji kutoka nje ya biashara ya magari. Ni kampuni kubwa mno kulinganisha na duka la jumla, lakini kilichotokea ndani ya chumba chake cha mikutano kinaweza kutokea katika biashara yenye watu watano.

KAMPUNI ILIYOKUWA INAZAMA

Ford ilianzishwa na Henry Ford mwaka 1903. Ilipofika mwaka 2006 ilikuwa katika hali mbaya. Magari ya Wajapani yalikuwa yamechukua wateja wake, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na faida yake kubwa ilitegemea magari makubwa yanayokula mafuta mengi. Mwaka huo kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Septemba 2006 ilisimamisha kulipa gawio kwa wanahisa wake.

Bill Ford, kitukuu wa mwanzilishi, alikuwa ndiye mkurugenzi mtendaji. Aliamua kukiacha kiti hicho, akabaki kuwa mwenyekiti, na mwezi huo huo wa Septemba akamleta Alan Mulally. Mulally alikuwa mhandisi aliyefanya kazi miaka 37 katika kampuni ya ndege ya Boeing, ambako aliongoza mradi wa ndege ya Boeing 777 na baadaye kitengo chote cha ndege za abiria. Hakuwa amewahi kuendesha biashara ya magari.

Wakuu wa idara aliowakuta Ford walikuwa wamekulia humo. Baadhi yao walikuwa wamekitamani kiti alichopewa. Wengi walitazamia afanye kile ambacho mameneja wapya hufanya: awafukuze nusu yao na kuleta watu wake kutoka Boeing. Hakufanya hivyo. Alianza kazi na watu aliowakuta, akabadilisha namna wanavyokutana.

KIKAO CHA ALHAMISI

Mulally aliweka kikao kimoja kila wiki, siku ya Alhamisi asubuhi, katika makao makuu ya kampuni mjini Dearborn, jimbo la Michigan. Wakuu wote wa idara na wa maeneo ya dunia walitakiwa kuhudhuria, ama wao wenyewe chumbani ama kwa njia ya video. Udhuru haukukubaliwa kirahisi.

Masharti ya kikao yalikuwa machache. Kila mkuu alitoa taarifa ya idara yake kwa mdomo wake mwenyewe. Kabla ya hapo wakuu walizoea kuja na wasaidizi waliobeba majalada mazito, na swali likiulizwa msaidizi ndiye aliyejibu. Utaratibu huo ulikomeshwa. Kunong'ona pembeni kulikatazwa, kuchezea simu kulikatazwa, na kumfanyia mwenzako mzaha wa kumdhalilisha kulikatazwa.

Kila kazi iliyo katika mpango wa kampuni ilipewa rangi, kama taa za barabarani. Kijani ilikuwa ni kazi inayokwenda kama ilivyopangwa. Njano ilikuwa ni kazi yenye hitilafu, lakini dawa yake imeshajulikana. Nyekundu ilikuwa ni kazi iliyokwama na dawa yake haijapatikana.

Wiki za mwanzo karatasi zote zilikuja na rangi ya kijani. Hapo ndipo Mulally alipowauliza wakuu wake swali ambalo kila mwenye hisa angelipenda kuuliza: kampuni inatarajia kupoteza mabilioni ya dola mwaka huu, je, hakuna hata kazi moja ambayo haiendi vizuri?

Chumba kilikaa kimya, na sababu ya ukimya huo haikuwa ngeni. Kwa miaka mingi katika kampuni hiyo, mkuu aliyekiri tatizo mbele ya wenzake alikuwa amewapa silaha ya kumpiga. Wenzake walikuwa washindani wake wa cheo. Mwenye akili alificha tatizo, akatumaini litaisha kabla ya mkubwa kulijua, na lisipoisha alimtafuta wa kumtupia lawama. Hasara ililetwa na mafuta na ushindani, lakini iliongezwa na watu waliokuwa wanajua ukweli wakanyamaza.

SIKU YA RANGI NYEKUNDU

Mwishoni mwa 2006 Ford ilikuwa inajiandaa kutoa sokoni gari jipya liitwalo Edge, lililotengenezwa katika kiwanda cha Oakville nchini Kanada. Siku chache kabla ya magari kusafirishwa, hitilafu ya kiufundi iligunduliwa. Mkuu wa eneo la Marekani, Mark Fields, ambaye alikuwa mmoja wa waliotajwa kuwa wangeweza kukalia kiti cha juu, aliamua kusimamisha usafirishaji. Kisha akaenda kwenye kikao cha Alhamisi na karatasi yenye rangi nyekundu.

Wenzake waliamini kwamba amekwisha. Hata yeye mwenyewe alikwenda akijua kwamba huenda anapoteza kazi.

Alipomaliza kueleza, Mulally alipiga makofi. Alimshukuru kwa kuliweka jambo wazi, kisha akauliza waliokuwamo chumbani: nani anaweza kumsaidia Mark? Wenzake, walewale waliokuwa wanangoja aanguke, wakaanza kutoa msaada wa wataalamu na wa ujuzi walioupata kwenye matatizo ya aina hiyo. Wiki iliyofuata Fields alionekana bado yuko kwenye kiti chake. Katika wiki chache baadaye karatasi za wakuu wengine nazo zilianza kuja na njano na nyekundu.

Mulally alieleza mara nyingi baadaye kwamba hiyo ndiyo siku kampuni ilipoanza kubadilika. Gari la Edge halikuwa jambo kubwa kiasi hicho. Lakini kila mtu chumbani aliona kwa macho yake ni nini humpata mtu anayesema kweli. Mameneja wengi hutangaza siku ya kwanza kwamba milango yao iko wazi na kwamba wanataka kuambiwa ukweli. Wafanyakazi hawasikilizi tangazo hilo. Wanangoja kumwona wa kwanza atakayethubutu, na wanatazama atafanywa nini. Kwa hiyo timu ya meneja mpya haijengwi kwenye hotuba ya kujitambulisha. Inajengwa, au inabomoka, siku anapoletewa habari mbaya ya kwanza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika biashara anayeumbuka si mfichaji peke yake, kwa sababu mtaji unaopotea ni wa watu wengine.

MAKOFI SI KUFUMBA MACHO

Msomaji asielewe vibaya. Kupokea habari mbaya kwa utulivu si kuruhusu uzembe. Mkuu aliyeleta nyekundu Alhamisi hii alitarajiwa kuja Alhamisi ijayo na maelezo ya kilichofanyika wiki nzima. Nyekundu ilikubalika, ila haikukubalika ibaki pale pale wiki baada ya wiki pasipo mpango wa kuiondoa. Kwa kuwa kikao kilikuwa cha kila wiki, hakuna aliyeweza kujificha kwa muda mrefu.

Aidha, si kila mtu aliyebaki. Wachache ambao hawakutaka utaratibu huo waliondoka, na nafasi nyingine zilibadilishwa watu. Derrick Kuzak alipewa jukumu la kusimamia uundaji wa magari kwa dunia nzima, kazi ambayo awali iligawanyika kila bara na wahandisi wake. Mwaka 2007 Jim Farley aliletwa kutoka Toyota kuongoza mauzo na matangazo. Lakini sehemu kubwa ya kikosi kilichoitoa Ford kwenye shimo kilikuwa cha watu walewale waliokuwapo ilipokuwa inatumbukia. Meneja mpya anayeamini kwamba dawa ya kwanza ni kufukuza watu wote angepaswa kuutafakari ukweli huo. Mtu mpya naye akiingizwa mahali ambapo ukweli unaadhibiwa atajifunza kunyamaza haraka kama waliomtangulia.

MPANGO MMOJA, NDIMI ZOTE

Jambo la pili alilofanya Mulally lilikuwa kuwapa watu wote mpango mmoja. Aliuita "One Ford", maana yake Ford moja. Ulikuwa mfupi kiasi cha kuchapishwa kwenye kadi ndogo ya kuwekwa katika pochi, na wafanyakazi walipewa kadi hizo. Meneja mwenye watu mia au watano anaweza kujipima kwa kipimo hicho hicho: je, ukimsimamisha karani au dereva wake ghafla, anaweza kueleza biashara inataka kufika wapi mwaka huu na kazi yake inachangia nini?

Mpango huo ulikuwa na maana katika fedha. Kampuni ilikuwa imesambaza nguvu zake kwenye majina mengi ya magari. Iliuza Aston Martin mwaka 2007, Jaguar na Land Rover kwa kampuni ya Tata ya India mwaka 2008, na Volvo kwa kampuni ya Geely ya China mwaka 2010. Ilibaki ikishughulikia zaidi jina lake.

Mwishoni mwa 2006, wakati mabenki bado yalikuwa na moyo wa kukopesha, Ford ilikopa dola bilioni 23.6. Iliweka rehani viwanda, haki zake za uvumbuzi na hata nembo yake ya buluu inayojulikana dunia nzima. Wengi waliona ni ishara ya kukata tamaa. Miaka miwili baadaye, mtikisiko wa fedha wa 2008 ulipofunga milango ya mikopo, fedha hizo ndizo zilizokuwa akiba ya kampuni.

HESABU ZILIVYOKWENDA

Kwa wanaofuatilia masoko, picha ya fedha ya Ford katika miaka hiyo ilikuwa hivi:

Mwaka 2006: hasara ya zaidi ya dola bilioni 12.
Mwaka 2007: hasara ya dola bilioni 2.7.
Mwaka 2008: hasara ya zaidi ya dola bilioni 14.
Mwaka 2009: faida ya dola bilioni 2.7.
Mwaka 2010: faida ya dola bilioni 6.6.

Bei ya hisa ilikuwa dola 8 na senti kadhaa Mulally alipoingia. Novemba 2008 ilishuka hadi kukaribia dola 1. Mwisho wa 2009 ilikuwa kama dola 10, na mwisho wa 2010 ilikuwa imevuka dola 16. Gawio lilianza kulipwa tena mwaka 2012, na mwaka huo huo nembo ya buluu ikatoka rehani.

Katika kipindi hicho Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Aprili 2009, na General Motors ikafuata Juni 2009. Wenye hisa za zamani za General Motors walipoteza karibu kila kitu. Ford haikufika mahakamani, wala haikuchukua fedha za uokozi ambazo serikali ya Marekani iliwapa wenzake wawili, ingawa mwaka 2009 ilipata mkopo wa dola bilioni 5.9 kutoka Wizara ya Nishati kwa ajili ya kutengeneza magari yanayotumia mafuta kidogo.

Si haki kusema kwamba kikao cha Alhamisi ndicho kilicholeta faida yote hiyo. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza kazi na viwanda vilifungwa, mpango ambao ulikuwa umeanza kabla ya Mulally. Chama cha wafanyakazi kilikubali mkataba mpya mwaka 2007 uliopunguza gharama. Mkopo mkubwa ulichukuliwa kwa wakati. Kilichofanywa na kikao ni kuhakikisha kwamba maamuzi hayo yanafanywa kwa hesabu za kweli. Kampuni inayodanganywa na wakuu wake hukopa fedha kidogo au nyingi mno, na huuza kitu kisichostahili kuuzwa.

MFANO WA DUKA LA JUMLA

Chukua sasa mfano wa kubuni wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye watu watano: wauzaji wawili, mtunza fedha, mtunza stoo na dereva. Muuzaji mmoja mwenye miaka sita kazini amefanywa msimamizi, na mwingine ameajiriwa mahali pake.

Wiki ya kwanza msimamizi mpya anaweka kikao cha nusu saa kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango. Anachora daftarini mistari mitano tu: mauzo ya wiki, fedha taslimu na zilizo benki, madeni ya wateja, mali iliyo stoo, na hali ya gari. Kila mstari una mtu mmoja anayeusemea. Mauzo ni ya wauzaji, na mmoja wao ametajwa kwa jina. Fedha na madeni ni vya mtunza fedha. Mali ni ya mtunza stoo. Gari ni la dereva. Kila mmoja anasema rangi ya mstari wake na sababu.

Kwa wiki mbili kila mstari ni kijani. Jumatatu ya tatu mtunza stoo anasema kwa woga kwamba paa linavuja, na mifuko 14 ya saruji imeganda. Mfuko ukiwa umenunuliwa kwa shilingi 15,000, hasara ni shilingi 210,000.

Hapo msimamizi ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kupandisha sauti mbele ya wote na kumkata mtunza stoo mshahara. Fedha zitarudi kwa sehemu, na duka litakuwa limelipia somo ambalo kila mfanyakazi atalishika: ukiona mali imeharibika, isogeze nyuma ya nyingine unyamaze. Mvua ikiendelea mwezi mmoja na mifuko 60 ikaganda bila mtu kusema, hasara itakuwa shilingi 900,000. Aidha kuna hatari kwamba mfuko wa hovyo utafika kwa fundi, na mteja wa miaka mingi atahama.

Njia ya pili ni kushukuru kwanza, kisha kuuliza maswali matatu. Mifuko mingine iko salama sasa hivi? Nani hapa anaweza kusaidia leo? Jumatatu ijayo tutaonaje kwamba tatizo limekwisha? Dereva anasema anajua mahali pa kupata mbao za kuinua mifuko kutoka chini. Muuzaji anashauri kwamba saruji iliyoingia kwanza itoke kwanza, badala ya kuchukuliwa ile iliyo karibu na mlango. Msimamizi mwenyewe anachukua kazi ya kumwona mwenye nyumba kuhusu paa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa umeonekana ukiwa bado wa shilingi 210,000.

Ni lazima kutenganisha bahati mbaya, kosa na wizi. Mtu anayeleta habari kwamba mali imeharibika hastahili kuadhibiwa kwa kuileta. Mtu aliyefanya kosa lilelile mara tatu baada ya kuelekezwa anahitaji kuzungumziwa faraghani, na pengine kubadilishiwa kazi. Mtu aliyeiba ana sheria yake. Msimamizi anayevichanganya vitatu hivi katika kelele moja atawafanya wakweli wajifiche pamoja na wezi.

MAKOSA YA KAWAIDA YA MENEJA MPYA

La kwanza ni kuendelea kuuza. Msimamizi wa duka hilo alikuwa muuzaji bora, na mteja mkubwa akiingia mkono unamwasha kwenda kaunta. Akienda kila mara, muuzaji mpya hatajifunza na vitabu vitabaki havijakaguliwa. Meneja anapimwa kwa mauzo ya watu wake.

La pili ni kugawa kazi bila mwenyewe. Kazi inayosemekana kuwa ya wote, kama kufuatilia madeni, huwa si ya mtu. Kila mstari wa daftari uwe na jina moja.

La tatu linawahusu waliopandishwa kutoka miongoni mwa wenzao. Jana walikuwa wakila pamoja mchana na kumsema bosi. Leo yeye ndiye bosi. Wengine hujaribu kubaki rafiki wa wote na kushindwa kumwambia mtu ukweli. Wengine hugeuka wakali ghafla ili waonekane wamekuwa wakubwa. Wote wawili wanakwepa jambo moja, nalo ni kuketi na kila mmoja peke yake katika wiki ya kwanza, kumwuliza kazi inamkwama wapi, na kumweleza bila kuzungusha atapimwa kwa nini. Mfanyakazi mwenye umri mkubwa kuliko msimamizi, hasa yule aliyekitamani kiti, ndiye wa kuanza naye. Aitwe kwa heshima yake, aulizwe ushauri wa kweli, na apewe mstari wake. Fields naye alikuwa amekitamani kiti cha Mulally, na ndiye aliyefungua njia kwa wengine.

La nne ni kuahirisha kikao. Wiki yenye biashara nyingi kikao huonekana ni kupoteza muda. Kikiahirishwa mara mbili wafanyakazi wanaelewa kwamba hakina uzito, na ukweli unarudi kwenye minong'ono ya stoo.

KWA MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo haingii kwenye kikao cha wakuu wa kampuni. Lakini kuna dalili anazoweza kuziona akiwa nje.

Asome taarifa ya mwaka na kutazama kama menejimenti inataja malengo iliyoyashindwa kwa jina na kwa tarakimu, au inasingizia hali ya uchumi kila mwaka. Taarifa ambayo kila ukurasa ni wa kijani, wakati fedha taslimu zinapungua, inafanana na karatasi za wiki za mwanzo za Dearborn. Atazame pia kama lengo lililotangazwa mwaka jana linafuatiliwa mwaka huu, au limezikwa kimya na kuwekwa jingine.

Ahesabu wakuu wanaoondoka. Baada ya meneja mpya kuingia, kuondoka kwa wachache ni jambo la kawaida. Wakuu wa fedha wakibadilika mara mbili au tatu katika muda mfupi, mwenye hisa anatakiwa kuuliza kuna habari gani isiyosemeka. Na kwenye mkutano mkuu wa mwaka, asikilize swali gumu linajibiwa vipi. Mwenyekiti anayemkemea mwanahisa mbele ya umma huenda anamkemea mhasibu wake zaidi akiwa ndani.

Hata hivyo, mwekezaji asinunue hisa kwa sababu ya meneja mmoja anayesifiwa. Mulally alistaafu tarehe 1 Julai 2014, hisa ikiwa kwenye dola 17 hivi. Aliyemrithi alikuwa Mark Fields mwenyewe, mtu wa karatasi nyekundu. Fields aliondolewa Mei 2017, hisa ikiwa imeshuka hadi karibu dola 11, ingawa kampuni ilikuwa imepata faida nzuri katika sehemu ya kipindi chake. Wawekezaji walikuwa na wasiwasi kuhusu magari ya umeme na teknolojia mpya. Timu nzuri haidumu kwa urithi. Kila meneja anayeingia anaanza upya na swali lilelile la watu wake: huyu tukimwambia kweli atatufanya nini?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika biashara yako, habari mbaya ya mwisho ilikufikia baada ya siku ngapi tangu itokee, na nani alikuwa ameijua kabla yako?

2. Mtu aliyekuletea habari hiyo alipata nini kwako?

3. Andika mistari mitano inayoonyesha afya ya biashara yako kila wiki. Kila mstari una jina la mtu mmoja?

4. Ukisafiri wiki mbili, ni kazi gani itakayosimama? Kazi hiyo ndiyo ambayo bado hujamfundisha mtu.

5. Chukua taarifa ya mwaka ya kampuni moja unayomiliki hisa zake. Tafuta humo lengo moja ambalo menejimenti inakiri wazi kwamba haikulifikia. Usipoliona hata moja, weka swali hilo tayari kwa mkutano mkuu ujao.